Mkwe Aliyenibeba Maweni

Tezo,
Kilifi.
11 Mei 2025

Mpendwa Shemeji Dzombo,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Waruguru na watoto. Vipi jicho lako baada ya kupasuliwa? Usilikune, na ukitoka nje vaa miwani. Hilo vumbi la Lodwar nalisikia tu kwenye redio nikakuonea huruma. Na kifua cha mtoto mdogo kimepoa? Mwambie Waruguru amsugue mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, asimwache mgongo wazi akilala.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha, mahindi yamefika kiunoni, na ile mihogo uliyotuletea mwaka jana imeshika vizuri. Mimi goti la kulia limevimba, lakini natembea. Habari ya goti hilo utaipata humu ndani.

Najua utashangaa kupata barua na simu ipo. Nilijaribu, shemeji. Nilikuwa naishika simu, naiweka. Jambo lenyewe nikilisema kwa mdomo nitalia, salio litakwisha nikiwa bado nalia, na nyumba hii ina masikio. Ndiyo maana nampa Simeon wa lori akuletee hadi mkononi mwako. Niwie radhi mwandiko, unajua shule yangu iliishia wapi.

Ni habari ya Kahonzi. Yule kijana aliyeleta posa, Mapenzi, fundi wa kujenga matangi ya maji, ulizungumza naye, na wewe mwenyewe ukaniambia sauti yake ni ya mtu mtulivu. Kwao ni mbali. Unapita Bamba, unakwenda tu, mpaka kule vilima vinapoanzia, mpakani na wenzetu Waduruma. Huo umbali ulininyima usingizi. Nikawa najiuliza, akishikwa na uchungu wa kuzaa, nani atamfikisha hospitali? Nyoka je? Maji ya kunywa je? Basi nikasema kabla hatujaitikia posa, niende nijionee mahali mwanangu atakapoishi. Nikafuatana na mdogo wangu Kabibi.

Nikwambie kweli, nilikwenda nikitafuta kasoro. Nilitaka nirudi na neno la kukataa ambalo halitamvunjia mtu heshima.

Kasoro sikuiona. Mama yake, anaitwa Sidi, alitupokea kwa mikono miwili. Ua umefagiliwa, tangi limejaa maji hadi juu, kazi ya mkono wa kijana mwenyewe. Na yeye adabu zetu anazijua. Alinisalimu kwa mbali, macho chini, mkono hakunipa. Chakula kilipotengwa akatoka akaenda kula peke yake nyuma ya zizi la mbuzi. Kabibi akanibana ubavu, "Huyu hata kivuli chako hatakikanyaga." Nikacheka, moyo ukapoa kidogo.

Tulipokwisha kula Sidi akasema twende tukauone mto wao. Wanauita Maweni. Watu hutoka mpaka Mombasa na Nairobi kuja kupiga picha pale. Shemeji, sijapata kuona mahali kama pale. Mto mpana, lakini hauna maji, una mawe matupu toka ukingo huu hadi ule. Meupe, ya kijivu, mengine yana wekundu uliofifia, yote mviringo na laini kama mtu amekaa akiyasugua moja moja. Mengine makubwa kama mbuzi aliyelala. Na nyuma yake vilima vimesimama, kimoja nyuma ya kingine, na kile cha mwisho ni cha buluu. Kimya cha pale ni kama cha kanisani kabla watu hawajaingia. Nilimkumbuka marehemu ndugu yako. Yeye angekaa pale kutwa nzima bila kusema neno.

Nikavua ndala nikaingia. Mawe yalikuwa na vuguvugu la jua, likanipanda miguuni likanituliza. Nikaenda mpaka katikati. Kabibi akanipigia kelele, "Mbeyu, ukiendelea hivyo utafika kwa Waduruma wakuoze wewe!" Sidi akasema tusikae sana mle ndani, maana tangu asubuhi kule vilimani kulikuwa na wingu. Nikatazama juu. Mbingu nyeupe, jua linachoma. Sisi watu wa Tezo mvua twaijua ikiwa juu ya vichwa vyetu. Nikaona mwenzangu ana hofu za bure. Mimi, shemeji, mimi ninayeogopa kila kitu, hicho nikakosa kukiogopa.

Kwanza ilikuja sauti, kama lori lenye mzigo kwenye barabara ya changarawe. Nikageuka kulitafuta hilo lori. Hapo nikamsikia Sidi, "Tokeni! Tokeni! Mto!" Yeye na Kabibi walikuwa karibu na ukingo, wakatoka. Mimi nikakimbia, jiwe likaviringika chini ya mguu, nikaanguka, goti likaingia baina ya mawe mawili likakwama. Maji yakaja. Yalikuwa ya rangi ya udongo, yanasukuma matawi mbele yake, na chini mawe yanagongana. Mpaka leo nikilala nayasikia yakigongana.

Mapenzi alikuwa juu ukingoni na mbuzi wao. Akashuka mbio. Akanifikia, akasimama.

Hili nakuandikia polepole, maana ndilo lenyewe. Alisimama, maji yamemfika magotini, mkono wake ameunyoosha lakini haunigusi. Nilimwona usoni jinsi anavyopigana na nafsi yake. Kisha akanipa ncha ya fimbo yake. "Shika, mama." Nikashika. Akavuta, goti likatoka, nikasimama, nikaanguka tena, fimbo ikachukuliwa na maji. Hapo akasema, "Nisamehe, mama," akainama, akanitia mgongoni kama mtoto mchanga, akatoka na mimi.

Leso zangu zote zilikwenda na mto. Nilifika ukingoni nina shumizi tu, imenigandama mwilini. Kijana akaniweka chini, akageuka kutazama vilima, akavua shati lake, akalinyoosha kwa nyuma bila kugeuza kichwa, nilipokee. Kisha akaenda zake. Nilipotazama pale nilipokuwa nimekwama, hapakuonekana jiwe hata moja. Maji yangemfunika mtu mzima aliyesimama.

Siku hiyo hakuingia ndani ya nyumba yao. Tulilala pale kwa sababu ya goti, na asubuhi Kabibi akamkuta zizini, macho mekundu. Akamwuliza ana nini. Akasema, "Kahonzi nimemkosa. Mama yake nimembeba, na nguo hana." Kabibi, unamjua mdomo wake, akamwambia, "Ulitaka azame ndiyo upate mke?" Yule kijana akamjibu, "Sikutaka, shangazi. Ndiyo maana nalia."

Tuliporudi Tezo sikuficha. Nilimweleza mdogo wako Pola kila kitu, maana ndiye mwanamume wa mji tangu ndugu yako alipotutoka. Akawaita watu wa ukoo, wakakaa uani. Pola akasema kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, na huyu hakugusa tu, amebeba. Kifua kilichomnyonyesha Kahonzi kimelala juu ya mgongo wake, sasa atamwoaje Kahonzi? Nikajaribu kusema kwamba ningekufa. Akanijibu mbele ya watu, "Kama umeupenda huo mgongo, basi akuoe wewe."

Watu wakacheka. Kahonzi alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Aliiweka chini taratibu, hata kikombe kimoja hakikulia, akaingia ndani. Tangu siku hiyo anakula kama ndege. Lile shati alilifua likakauka, kesho yake nikamkuta analifua tena.

Na Mapenzi naye ametuma neno kupitia kwa mama yake. Anasema hatufungi kwa posa yake. Anasema hataki watu wanicheke mimi kwa ajili yake.

Nilikwenda kwa mchungaji, akaniambia mbele ya Mungu hakuna kosa. Nashukuru, lakini mchungaji hatakaa na Pola siku ya harusi. Nikamwendea yule shangazi yenu mzee, akaniambia mambo kama haya yalikuwapo tangu zamani na yana njia yake. Anachinjwa mbuzi, wazee wanasema maneno yao, na kilichoguswa kinahesabiwa hakikuguswa. Nilipomwambia Pola, hakukataa kwamba njia hiyo ipo. Alisema tu kwamba neno la kuifungua ni la mkubwa wa nyumba, na yeye hatakuomba. Mkubwa wa nyumba ni wewe.

Usidhani nakushitakia Pola. Pola ni mtu mwema. Shamba langu ndiye aliyelilima msimu huu, na kuni akipita huniangushia. Anaogopa watu wasije wakasema nyumba ya ndugu yake haina mlinzi. Lakini analinda mlango, na mtoto ndani analia.

Mimi nimeufikiria sana ule wakati aliposimama. Wengine wanasema alichelewa, wengine wanasema hakupaswa kunigusa kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa chini nikimtazama. Alijua anachokipoteza, shemeji. Alikijua kabla hajainama. Mimi si damu yake, na binti yangu hajaingia bado nyumbani kwake. Angeweza kuita watu. Angeweza kusema fimbo imekwenda na maji, nifanyeje, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliniomba radhi, akainama.

Sikufichi kwamba mto ule naendelea kuuogopa. Nyumba yao iko juu, mbali na maji, na wenyeji wanazijua dalili zake, hata mbuzi wao wanazijua. Lakini kila mwezi wa mvua nitakuwa natazama upande ule mpaka nife. Hiyo ni hofu yangu, nitaibeba mwenyewe. Siwezi kumvisha Kahonzi hofu yangu aivae maisha yake yote, akose mtu kama yule.

Ninachokuomba ni hiki. Mpigie Pola, kwa upole, usimgombeze, useme mbuzi achinjwe na maneno yasemwe. Mbuzi nitamtoa mimi. Pola alikuwa anataka atoke kwa kijana, nami nikasema hapana, aliyebebwa ni mimi, kwa nini alipe aliyebeba? Nina jike mweusi, mnene, nilikuwa namweka kwa Krismasi. Aende tu.

Unakumbuka ulipomleta Waruguru hapa mara ya kwanza, ukoo mzima ulinuna kwa kuwa si wa kabila letu, kila mtu akapata shughuli shambani. Ndugu yako akatandika mkeka, akamwambia, "Kaa, dada, hawa watarudi wakisikia njaa." Silisemi hilo kama deni. Nalisema kwa kuwa yeye hayupo wa kusema, na mimi nikisema naambiwa nimeupenda mgongo.

Nisalimie Waruguru sana, mwambie kile kiondo alichonitumia ndicho ninachoendea nacho sokoni. Wasalimie watoto wote, na huyo mkubwa asome, asidanganywe na pikipiki. Kabibi anakusalimu. Shangazi mzee anakusalimu, anasema uje kabla hajafa, lakini hilo husema kila mwaka. Pola pia anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Kahonzi naye hajui. Nimemwambia naandika orodha ya vitu vya dukani, akanitazama tu.

Na kama ukishayapima yote neno lako ni hapana, nitalipokea, wewe ni mkubwa wetu. Ila nakuomba usilipitishe kwa Pola. Niambie mimi kwanza. Hilo nataka Kahonzi alisikie kutoka kwangu, tukiwa wawili ndani, nimemkumbatia, siyo uani tena mbele ya watu wanaocheka.

Mungu alinde jicho lako na nyumba yako, akupe usingizi, na akuongoze unapolifikiria jambo letu.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Mbeyu, mama Kahonzi