Fyuzi ya Shemasi

Jumapili, alasiri. Mvua ya tangu jana haijakata, na hapa Umbilo nguo tulizoanika kibarazani zimeanza kunuka. Nina hasira. Naandika ili nisimpigie mtu simu.

Mke wangu amerudi kutoka kanisani, amepika, amekula, ameosha vyombo, na kwangu hajatoa neno.

Nianze mwanzo, maana wengine mnaosoma hapa hamlijui kanisa letu. Tunakodi ukumbi Greyville, ghorofani, juu ya duka la matairi. Jengo ni la zamani. Wengi wetu tumetoka Bukavu na Uvira, wengine Bujumbura, na kwa miaka yote niliyoishi Durban watu hao ndio shangazi zangu na wajomba zangu. Neema wetu alipozaliwa ni wao waliokuja hospitali na chupa za uji. Nasema hivi ijulikane kwamba sina chuki na mtu. Au sikuwa nayo mpaka leo.

Kazi yangu ni kuuza vifaa vya umeme katika duka moja la barabara ya Umbilo. Kwetu Bukavu nilikuwa navuta nyaya za nyumba. Kwa hiyo kanisani mimi ndiye mtu wa umeme, bila malipo, na sikuwahi kulalamika.

Mwezi uliopita tulipata spika mpya, ndefu, zinanifika kifuani. Sawa. Kisha kamati ya akina mama ikaleta birika kubwa la umeme la chai, na jiko la umeme la kupashia maandazi. Vyote, pamoja na taa, vinakula kwenye waya mmoja. Tukifika wimbo wa tatu, fyuzi inaungua, giza. Nabadilisha. Jumapili inayofuata, wimbo wa tatu, giza.

Niliwaambia chai ichemshwe kabla ya ibada, au tuchange tuvute waya mwingine, mnene. Pasta alinisikiliza kwa heshima, kisha akatangaza mfungo. Alisema kuna nguvu za giza zinazopinga sifa. Na mimi nilifunga. Nilisimama dukani na njaa yangu, nikiomba dhidi ya birika.

Niwaeleze kitu ninachowaeleza wateja kila siku. Fyuzi haichaguliwi kwa ukubwa wa spika. Inachaguliwa kwa waya uliomo ukutani. Waya wa ukumbi ule ni mwembamba na umezeeka, uwezo wake ni ampea kumi na tano, basi fyuzi yake ni ya kumi na tano. Mkiutwika zaidi ya hapo, fyuzi inaungua, umeme unakatika, waya unapona. Watu wanasema fyuzi imeharibika, kumbe imefanya kazi iliyowekewa. Mkiweka ya thelathini, haitaungua. Utaungua waya, ndani kwa ndani, mahali msipopaona.

Shemasi Gaspard, anayeuza kava za simu kule Point, alikuja dukani kutaka ya thelathini. Nilikataa kumuuzia, bosi wangu akinitolea macho. Shemasi akacheka, akaenda kununua pengine, akaiweka mwenyewe.

Jumapili iliyopita umeme haukukatika hata mara moja. Ukafika wakati wa shuhuda, Shemasi akasimama, mkono kifuani. "Tuliomba, na Mungu alijibu," akasema. "Umeme iko sawa, munaona wenyewe." Makofi. Pasta akaongeza kwamba kati yetu wapo wenye elimu nyingi na imani kidogo. Hakutaja jina. Vichwa viligeuka vyenyewe kunitazama.

Halafu leo.

Leo ilikuwa siku ya Mama Neema. Mke wangu yuko kwaya tangu tufike nchi hii, mstari wa nyuma, akiitikia nyimbo za wengine. Leo kwa mara ya kwanza walimpa aongoze. Alishonesha gauni. Asubuhi nilimsikia akifanya mazoezi bafuni, na nilifurahi sana, hilo nalo naomba lijulikane.

Alipoanza kuimba, nilitoka kidogo kumpelekea Neema sweta kwenye chumba cha watoto, nyuma ya ukumbi. Nikakuta watoto wamebanana kwenye ukuta mmoja wanasukumana, wale wawili wa Shemasi wakiwemo. Neema, ambaye ana miaka sita na viwiko vikali, alikuwa ameshapata nafasi yake, mgongo ukutani.

"Papa, kuja ukae," akaniambia. "Hapa ukuta iko na joto."

Niliweka kiganja. Ukuta ulikuwa na joto la sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu, na palikuwa na harufu ya plastiki. Waya ule ule wa birika na spika unapita hapo hapo. Dada anayewafundisha alisema harufu inatoka kwenye matairi ya chini.

Sikungoja. Nilipita katikati ya watu mpaka mbele, nyuma ya pazia la madhabahu, nikazima swichi kubwa na kuichomoa ile fyuzi.

Mke wangu alikuwa katikati ya ubeti. Sauti yake ikabaki ndogo, bila maiki, ndani ya giza. Maneno mawili matatu, kisha ikanyamaza.

Ninaisikia mpaka sasa.

Nilieleza. Nilisema ukuta, nikasema waya, nikasema watoto. Shemasi akanyoosha mkono. "Rudisha fyuzi, ndugu. Unatuletea haya mbele ya watu." Nikaifumbata. Ndipo Pasta akaja, mpole kabisa, akaniwekea mkono kichwani na kuanza kukemea roho iliyo ndani yangu. Watu ninaokula nao sahani moja wakaninyooshea mikono. Nimeombewa mbele ya mke wangu kama mwenye pepo. Na mimi, kwa mazoea, nilifumba macho. Nilipoyafumbua taa zinawaka. Fyuzi hizo zinauzwa mbili mbili, na Shemasi alikuwa na ya pili mfukoni.

Wote wakasema amina.

Nilirudi chumba cha watoto, nikamwambia yule dada awahamishe. Akanijibu kwamba Pasta ameshaomba. Sikubishana naye. Nilimshika Neema mkono, tukashuka ngazi, tukasimama mvuani kungoja taxi. Nilipofika nyumbani nikataka kuwaandikia wazazi kwenye kundi la simu la kanisa, nikakuta nimeshatolewa.

Nikiwaita watu wa manispaa watalifunga jengo. Nani atatukodisha ukumbi mwingine kwa bei ile, sisi wa makaratasi ya kubahatisha? Nimelifikiria hilo tangu saa sita.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo Mama Neema alipotokea mlangoni. Gauni lile lile. Alikuwa anamfunga Neema vifungo vya koti, maana ibada ya jioni inaanza saa kumi na moja. Nilikuwa nimeapa moyoni mtoto harudi kule. Nikafungua mdomo, akaniwahi.

"Pasta amesema nitarudilia wimbo wangu," akasema, macho kwenye vifungo. "Na Neema hatakaa kule kwa watoto. Atakaa mbele, karibu na mimi."

Wakashuka.

Kwa hiyo ananiamini. Aliniamini asubuhi pale pale, maiki imekufa mkononi, mikono ya watu wote imeelekezwa kwangu. Alijua nasema kweli na akanyamaza. Hilo limeniuma kuliko maombi ya Pasta. Nilikimbia mpaka kwenye ngazi nimwambie hivyo, nimwulize ni mke wa namna gani anaokoa mtoto wake na kuwaachia wenzake ukuta.

Nikasimama kwenye ngazi ya juu. Mimi mwenyewe asubuhi nilitoka na nani?

Watoto wa watu wataingia chumba kile jioni hii, na kwa baridi hii watagombania mahali pale pale.

Navaa viatu. Kwenye fyuzi sitafika, Shemasi atakuwa amesimama hapo kama askari. Nitakaa chini na watoto, mgongo wangu ukutani, na ukianza tu kupata joto nitawatoa nje wote, na wale wawili wa Shemasi nitawatanguliza. Watu wakitaka kuniombea tena, wateremke waniombee kwenye mvua.