Wagonjwa Wawili wa Iringa

Hukukosea, Dada Sikujua, uliposema ndoa itanitoa machozi: jana nililia kwa kucheka! Pale Iringa, kituo cha mabasi, mtaalamu mmoja Mzungu anachunguza kwa nini watu husafiri. Akatuzuia mlangoni mwa basi la Igowole, nalo ni moja tu kwa siku. Safari yetu, akauliza, ni ya kazi, msiba au ugonjwa?

“Mapenzi,” akajibu Anyosisye wangu, mbele za watu!

“Hilo halimo katika fomu yangu.”

Dereva akapiga honi. Mama muuza nyanya akadakia, “Bwana mkubwa, andika ugonjwa. Hawa hata njia hawaioni!”

Akaandika, tukapanda.

Kabla mwezi haujaisha tutakuja kwako Mbeya, dada yangu mpenzi. Wagonjwa wako mahututi watahitaji supu ya kuku.

Mdogo wako,
Tusekile