Presha Imeshuka

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili mzima, ila kazini roho haina raha. Hapa kwa dobi tunafua mashuka ya hoteli zote za mjini na kazi haikatiki. Presha inapanda kila siku, mama. Juzi ilipanda mpaka dada wa pasi akakimbilia nje. Tajiri anasema tuvumilie, ni mambo ya kawaida. Nafikiria kuacha kazi. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Kitindamimba

9 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Goti bado linauma, ila nimechoka kulisema. Barua yako imenikata maini. Presha, na hata ndevu hazijakujaa. Punguza chumvi, acha kukaanga kila kitu, lala mapema. Lakini kazi usiache, mwanangu. Mimi presha ninayo tangu baba yenu afariki, na ile shule naifagia yote kila asubuhi. Ukiizoea, mnaishi pamoja. Tajiri wako amekwambia kweli.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma na dada wa pasi, tumecheka hadi mbavu zinauma. Chumvi nimepunguza, lakini presha yenyewe si yangu, ni ya boila. Ni pipa la chuma, refu kunizidi, linachemsha maji na mvuke wake ndio unaopasha pasi. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi kubwa, na mle ndani nafasi haipo. Basi mvuke unasukuma juu, chini na ubavuni kwa nguvu ileile, unatafuta palipo dhaifu.

Juu kuna valvu ya kuutoa ukizidi. Ilikuwa inapiga mluzi. Tajiri akaona kuni zinapotea bure, akaining'inizia jiwe la mizani ili inyamaze, na kweli imenyamaza. Sasa tunategemea geji ya kupimia presha tu: mshale ukifika kwenye wekundu, nachomoa kuni.

Mwisho wa mwezi naondoka. Nimeshaamua.

Mwanao,
Kitindamimba

23 Machi

Mama,

Shikamoo. Jibu lako sijalipata, ila nina habari njema. Presha imeshuka. Jumapili tulizima boila, Jumatatu tukawasha, na tangu hapo mshale umelala kwenye sifuri. Haunyanyuki hata nikijaza kuni, na pasi zina moto kuliko zamani. Tajiri anatamba kwamba ni jiwe lake lililoituliza. Dada wa pasi peke yake ndiye aliyenuna, anasema mabomba yanatetemeka. Nimemwambia amezoea kulalamika.

Basi siondoki tena, kama ulivyonishauri.

Mwanao,
Kitindamimba

27 Machi

Mwanangu,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, posta watachelewa.

Jana niliposoma habari zako nilishukuru Mungu. Leo nimekwenda zahanati kupima presha yangu. Nesi akanifunga ule mkanda, akapuliza, mshale ukalala kwenye sifuri. Nikamwambia afadhali, imeshuka kama ya mwanangu. Akacheka. "Mama, ingekuwa sifuri kweli, ningekuwa naongea na maiti. Mpira umeziba. Mashine ndiyo imekufa, presha yako ipo palepale."

Nimetoka bila kupimwa. Kitindamimba, moto unawaka, pasi zinaunguza, mabomba yanatetemeka, na geji inasema hakuna kitu. Geji imeziba. Mvuke umo humo ndani na hakuna anayeuona. Sahau yote niliyokushauri. Mshike mkono dada wa pasi mtoke, msiage, msichukue hata nguo.

Mama yako

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii hujaniamkia.

Dereva amerudi na barua yangu bado anayo. Anasema mtaa ameupata, ila jengo nililomwelekeza hakuliona. Ameona mashuka, yamenasa juu ya mapaa ya nyumba za watu, na umati umesimama. Alipokuulizia kwa jina, walimtazama tu.

Ninaogopa. Kesho napanda basi lilelile. Hii naitanguliza posta, pengine mmehamishwa mahali. Ukiipata nijibu hata neno moja, hata kama ni la kunilaumu.

Mama yako