Macho ya Shemeji Yako Yamefumbuka

Shoga, uko? Acha unachofanya. Shemeji yako leo kaumbuka, nimecheka mpaka nimeshikilia ukuta!

Si alimdanganya yule binti wa jirani kwamba haoni, ili aje kumsomea gazeti kila jioni? Mtoto anajitolea, hadai hata peremende. Mwezi mzima bwana kajilaza kitini kama sultani.

Leo binti kafika kwenye habari za mpira. "Babu, tumefungwa tatu bila."

Shemeji yako akaruka. "Mbili! Imeandikwa mbili, hiyo hapo!"

Na kidole kakiweka juu ya namba, shoga. Juu ya namba yenyewe!

Bwana mzima akanywea. Alijua mtoto akiondoka harudi tena, na jioni zake zote atabaki na mimi.

"Kumbe unaona, babu."

"Yame... yamefumbuka leo leo, mjukuu wangu."

Binti akakunja gazeti, akampa. "Afadhali. Bibi wa ghorofa ya tatu haoni kweli. Kuanzia kesho utamsomea wewe, mimi nitakaa pembeni nikusahihishe."

Sasa hivi yuko chumbani, kajifungia, anafanya mazoezi ya kusoma kwa sauti.