Vyura wa Bustani ya Majengo

Goma, Majengo

Kwako yaya Feza, dada yangu mukubwa,

Mwenye kukuletea barua hii ni dereva wa kamyo ya samaki. Mupe maji ya kunywa, barabara imemuchosha. Muguu wako umepona? Macho ya mama yanaendelea namna gani? Na viboko wangali wanakuja kula majani mbele ya nyumba yenu hapo Vitshumbi? Sisi hapa tunapumua. Watoto wanasoma, mume wangu angali anauza makaa ku soko ya Birere. Mwili wangu ni muzima, lakini roho inanichafuka, na simu inakatika kila mara, ndiyo maana nimeona niandike.

Nilikwisha kukuambia habari ya bustani ya kartie, mutaa wetu huu. Ni kile kiwanja cha mawe ya volkano chenye hakuna mutu aliweza kujenga. Sisi wamama tulibeba udongo ku kichwa, kikapu kwa kikapu, tukapanda miti ya muko na maua, na lengalenga pembeni kwa mwenye kukosa mboga. Katikati tukachimba kidimbwi cha maji ya mvua. Mvua zilipoanza tena, yaya, ungefurahi. Majani yalitoka hata mu nyufa za mawe. Viluwiluwi weusi waliota miguu, wakawa vyura wadogo kama kucha ya kidole. Ndege wa mudomo murefu walikuja kunyonya maua mekundu ya muko. Kila mwisho wa juma, siku ya samedi, mimi na jirani yangu Mama Sifa tulipeleka watoto waangalie kitu gani kimebadilika. Hata watu wenye kuogopa kinyonga walikuja kumuona akitembea ku tawi kama muzee mwenye kuumwa magoti.

Prezida wa komite ya bustani ni Papa Anselme, mutu wa ofisi, wa suti na manukato. Alitutangazia kwamba wageni wakubwa watakuja kutembelea. Tulifagia njia, tukafurahi kama wajinga.

Samedi ya wageni nilifika asubuhi kumwagilia. Harufu ilinipiga tangu ku mulango, kama petroli iliyochanganywa na kitu chenye sukari. Kidimbwi kilikuwa kimefunikwa na matumbo meupe. Ni vyura wetu, wote chali, wengine wameanza kuvimba. Nyuki walikuwa wamemwagika chini ya maua kama mbegu. Ndege mumoja alikuwa bado anapiga bawa ku udongo, mudomo wazi. Nikaita mulinzi.

Mulinzi alinieleza, bila haya hata kidogo, kwamba jana jioni prezida alileta mutu wa pompi apige dawa ya kuua wadudu wa viazi, kwa sababu wageni hawapendi wadudu wala kelele ya vyura. Nilimuuliza kama baada ya pale kuna mutu aliyeingia. Akasema ndiyo, Mama Sifa alikuja kuchuma lengalenga. Alimuona anachuma, akanyamaza, maana hakutumwa kusema.

Nilikimbia. Watoto wa Mama Sifa walikuwa wamekula maharagi, lakini mama mukwe wake ndiye alipikiwa ile mboga. Nilimukuta amelala ku sakafu, macho yamezama, anatapika majani. Tulimuweka ku pikipiki katikati yetu, tukamufikisha hospitali. Sasa amepona. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungekuwa tunalia.

Niliporudi ku bustani, meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, wageni wanakula brosheti, nyama ya mbuzi ya ku vijiti. Vyura walikuwa wametupwa nyuma ya ukuta wa lupango. Papa Anselme alikuwa anawaeleza kwamba bustani yake ni safi, hata mbu hayuko, na wageni wakapiga makofi. Hapo ndipo chuki ilinipanda. Nilienda nyuma, nikaokota vyura kwa mikono yangu, nikajaza beseni, nikaiweka ku meza kando ya brosheti.

Papa Anselme aliniambia kwa sauti ya chini, akicheka na meno tu, "Mama, unanichafulia siku."

Nikamujibu, "Mama mukwe wa Mama Sifa yuko ku hospitali. Waambie wageni alikula nini."

Aliwaambia kwamba mimi ni mugonjwa wa kichwa. Mugeni mumoja alisukuma sahani yake, akainuka. Wengine walisogeza viti mbali na beseni, wakaendelea kutafuna. Ile kutafuna, yaya, ninaisikia hata sasa nikikaa kula.

Komite ilikutana, ikanifukuza mimi. Yeye angali prezida. Hakuna mwanamuke mwenye kuchuma mboga pale tena, na mvua ikinyesha kidimbwi kinanyamaza.

Siku ya Mungu iliyopita, padri aliposema tupeane amani, Papa Anselme alitoka ku benchi ya mbele, akapita katikati ya watu wote mpaka kwangu, akanyoosha mukono. Ulikuwa unanukia sabuni. Nikaweka wangu nyuma ya mugongo. Kanisa lote liligeuka kuangalia, naye akabaki amenyoosha mpaka padri akaendelea. Mume wangu anasema nimemuaibisha Papa Anselme, kwamba ni mukono tu. Pengine ana haki. Lakini sikuweza.

Unisalimie shemeji na wenzake wa mutumbwi, na tantine, shangazi yetu mwenye kukaanga samaki ku libanda kando ya maji. Mama umusomee yote, ila pa kanisa uruke. Lakini kaka yetu mukatekista yeye umuambie wazi, kabla watu hawajamuletea maneno: nilikataa ule mukono mimi mwenyewe, nilikuwa na akili yangu, na siku ya Mungu yenye kuja nitaenda kukaa pahali palepale.

Ni mimi mudogo wako,
Riziki