Bamba Halijapoa

Spruce Cove,
Placentia Bay,
Newfoundland.
21 Oktoba 1997.

Mpendwa Mjomba Ambrose,

Shikamoo. Hujambo huko Alberta? Mkeo Doreen hajambo, na goti lake limepona? Je, Leo ameshazoea shule mpya? Sisi huku tu wazima, ukiondoa mafua ya mama yako, ambayo yeye mwenyewe anasema si mafua, ni hasira. Mama anakusalimu. Baba naye anakusalimu. Tangu serikali ipige marufuku uvuvi ameshatengeneza kila kitu kilichoharibika hapa nyumbani, na sasa ameanza kutengeneza vizima.

Mwandiko wangu usikushangaze. Nimekaa kwenye chumba cha chai cha karakana ya meli, mguu wangu unatikisika na meza inatikisika nao. Ningekupigia simu, lakini simu ya kambi ya wafanyakazi huko kwako daima ina foleni ya watu wanaosikiliza, nawe ukijua unasikilizwa huwa unakubali kila kitu. Jambo hili sitaki ulikubali kwa sababu ya watu.

Unajua nilimaliza mafunzo ya kuchomelea mwezi wa sita. Tangu siku hiyo, mjomba, sijatulia. Nimezunguka ghuba yote hii na cheti changu mkononi. Kila mahali wanataka mwenye uzoefu, na uzoefu haupatikani bila kazi, na kazi haipatikani bila uzoefu. Nikirudi nyumbani sikai wala silali. Nimechomelea lango la kanisa, reli ya ngazi ya jirani na jembe ambalo halikuwa limevunjika. Nyanya ananiambia haraka haraka haina baraka mpaka nikisikia "hara" natoka nje.

Kwa hiyo ulipopiga simu Septemba kusema umenitafutia nafasi kambini kwako, nilisema asante, nakuja, na nilimaanisha. Ningekubali hata mwezini. Ila wiki mbili baadaye karakana ya hapa ikapata kazi ya kuunda meli mbili, na Cyril Hepditch, msimamizi wa wachomeleaji, akaanza kupima watu. Unamfahamu Cyril kuliko mimi. Nikaenda bila kukwambia.

Kipimo chake ni kile kile mlichofanya nyinyi mlipoanza kazi hapa. Unaunganisha mabamba mawili ya chuma yawe moja, kwa mshono wa kusimama, unaliacha lipoe, kisha linakatwa vipande, navyo vinakunjwa na mtambo mpaka viwe kama herufi U. Mshono ukipasuka, chukua kofia yako. Usipopasuka, una kazi.

Jana asubuhi nilichomelea vizuri. Sijisifu, nilijua hivyo hata kabla ya kuinua ngao ya uso. Kilichonishinda ni kungoja. Wenzangu walitoka kuvuta sigara, wakazungumza habari za mpira wa magongo wa barafuni na kula mkate wao. Mimi nilibaki nikilizunguka bamba kama paka aliyeona samaki mezani. Pembeni palikuwa na ndoo ya maji ya kupozea koleo. Sikukaa nikaamua, mjomba. Niliona tu mkono wangu umelishika bamba kwa koleo, na maji yanafoka mvuke.

Cyril alipokikunja kipande cha kwanza kilikatika pembeni ya mshono, kwa sauti kama ya biskuti. Akakiokota, akakitazama, akanitazama mimi na suruali yangu iliyolowa magotini.

"Umelitia majini?"

"Ndiyo."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna. Lilikuwa linachelewa."

Akakuna kidevu. "Wewe si mpwa wa Ambrose?"

"Ndiye mimi."

"Basi sina swali tena."

Usikasirike. Aliendelea kusema, wala hakuwa anacheka, kwamba mwaka ule karakana ilipolala bila kazi aliwaomba wote mvumilie hadi mwisho wa mwezi. Wewe ukaondoka Ijumaa. Jumatatu yake mkataba ukafika, akamtuma mtu nyumbani kwa Nyanya kukuita, akaambiwa uko kwenye ndege. Kumbe habari hiyo Nyanya ameikalia miaka yote hii. Nilitaka kukutetea, lakini nilikuwa nimeshika mikononi vipande viwili vya kitu kilichotakiwa kuwa kimoja, nikaviweka juu ya benchi, nikachukua kofia yangu.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita. Akasema mshono wenyewe haukuwa na kosa, chuma ndicho kilichopozwa ghafla kwa maji kikawa chepesi kuvunjika, na chuma hakijafanya kosa lolote. Akaniambia nirudi leo nichomelee jingine. Halafu akaweka sharti lake.

"Likipoa uniletee mwenyewe. Mkono mtupu, bila glavu. Likikuunguza, nenda zako Alberta."

Ndiyo maana nimekaa hapa. Nimelimaliza asubuhi na lipo juu ya benchi. Nimetoka kuligusa sasa hivi. Bado, ningeweza kukaangia mkate wa asubuhi juu yake na molasi, ile asali nyeusi ya miwa, ikachemka. Ndoo ipo pale pale. Nadhani kaiacha makusudi, mzee yule.

Sasa niseme lililonileta kwenye karatasi. Mjomba, sitaki kuja. Najua umewaambia wakubwa wako kwamba nakuja, na najua kule neno la mtu ndilo jina lake. Nakuaibisha, na linaniuma. Ila kila Krismasi unapiga simu na kumwambia Nyanya kwamba mwakani unarudi. Akishakata simu anakwenda kufungua madirisha ya chumba chako, kwenye baridi ile, kipate hewa. Hufanya hivyo kila mwaka. Hatumzuii tena. Nawe husemi uongo, nina hakika, unamaanisha kama mimi nilivyomaanisha Septemba. Hilo ndilo linalonitisha. Nina miguu yako. Nikipanda ndege ile nitapiga simu Krismasi na kumwambia mama yangu kwamba mwakani narudi.

Nimekwenda tena. Sasa linagusika kwa kidole, halishikiki. Nikikosa leo nitakuja, na nitafanya kazi vizuri, na hutanisikia nikilalamika. Lakini nilitaka ujue kabla, usije ukadhani nililia uwanja wa ndege kwa sababu ya kelele za injini.

Nilikuwa nataka kukueleza pia habari za paa la Nyanya ambalo Baba

Samahani, hapo nilikatizwa. Cyril alikuja akasimama juu ya kichwa changu na kikombe chake.

"Unaandika wasia? Bamba limepoa zamani."

Mjomba, nilichelewa. Mimi. Nililibeba kwa mikono miwili na lilikuwa la baridi kama jiwe la kizingiti. Wakalikata. Cyril akakunja kipande cha kwanza taratibu, kana kwamba ana siku nzima, akapitisha kidole gumba juu ya mkunjo. Akakunja cha pili. Akavaa miwani, akakipeleka dirishani, akakigeuza huku na huku, kisha akanirushia.

"Jumatatu, saa moja asubuhi. Na ndoo naiondoa."

Nilidhani nitaruka. Badala yake nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi hapa kumalizia barua hii. Furaha ninayo, tena nyingi, ila haijanifunga miguu kama nilivyotegemea. Inaelekea ndivyo nilivyoumbwa. Nitajifunza kutikisika nikiwa nimekaa.

Tiketi uliyoninunulia imo humu ndani ya bahasha. Nisamehe. Waambie wakubwa wako lawama ni yangu, si yako.

Bado neno moja. Cyril alipokuwa akifuta mikono alisema meli ya pili ataianza mwaka mpya na hana mtu wa kusimamia zamu. Kisha akaniuliza kama Ambrose bado anajua kuchomelea, au siku hizi anawapikia watu chai. Hakusema nikwambie. Wala hakusema nisikwambie. Nyanya sijamwambia, wala sitamwambia.

Mpe Doreen pole ya goti, mbusu Leo, umwambie binamu yake sasa ana kazi. Mungu awakinge na baridi ya huko na awape siku nyepesi. Na kama utakuja, mjomba, safari hii usimpigie simu Nyanya kumwahidi. Njoo tu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikikukatalia,

Loretta