Kiwiko cha Sekela

Jumatano, Uyole. Baridi ya Julai, ukungu umefika mpaka mlangoni, jua limegoma.

Shajara yangu ya mtandaoni, pokea hili kwanza: mimi nimezaliwa na mkono wa bahati. Nimekanda madereva wa malori Tunduma. Nimekanda mcheza mpira Lusaka, kesho yake akafunga mawili. Mama mmoja alitoka Kilolo na basi la alfajiri akilia nyonga, akarudi anatembea kama bibi harusi. Shule niliishia kidato cha pili, lakini wenye vyeti hawana kiganja hiki.

Leo nimempeleka mdogo wangu Sekela hospitali, na tangu turudi sijala kitu.

Sekela anauza viazi sokoni. Mwezi wa tatu aliteleza juu ya magunia kwenye lori, akaangukia mkono wa kulia, kiwiko kikachomoka. Hospitali walikirudisha, wakamfunga, wakasema akifunguliwa awe anakikunja mwenyewe, polepole. Asikandwe. Walilisema mara mbili.

Nilicheka. Nikasema, watoto wa juzi hawa, wanajua nini?

Nikamkanda. Maji ya moto, chumvi, samli ya Usangu, asubuhi na jioni, navuta mkono kwa nguvu zangu zote. Alikuwa analia, mimi natania: "Lia, mama, lia, ndiyo maumivu yanatoka hayo." Kila wiki mkono ulizidi kukakamaa. Na mimi nikazidi kuvuta.

Leo daktari, dada mmoja mpole, ameinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Juu kidogo ya kiwiko, mahali pa nyama tupu, kuna donge jeupe kama tonge la ugali.

Akatueleza taratibu. Mfupa ukiumia, mwili unaita mafundi wake. Damu inaganda, kinakuja kitu laini kama gegedu, halafu mafundi wanakikaza kwa chokaa mpaka unapatikana mfupa mpya. Wanajua kazi yao. Lakini ukiuchana msuli kila siku juu ya jeraha, wanachanganyikiwa, wanaanza kujenga mfupa ndani ya nyama. Ndio huo sasa. Umekaa pale kama komeo, kiwiko hakikunjiki.

"Nani alikuwa anamkanda?" akauliza.

Nikainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Sekela akawahi: "Mzee mmoja wa Makongolosi, daktari. Ameshahama."

"Afadhali amehama," daktari akasema.

Nilikuwa nimekaa hapo hapo, hatua moja kutoka kwake.

Huo mfupa hawaukati sasa. Bado unakua, wakiuchokoza unaweza kurudi mkubwa zaidi. Wanasubiri ukomae, labda mwakani, ndipo wampasue. Na hata wakimpasua, hakuna anayeahidi kwamba mkono utakunjika kama zamani.

Mwakani! Mkono wake wa kulia haufiki mdomoni. Kitambaa cha kichwa anafungwa na jirani. Jana nilimkuta anakula, ameinamia sahani mpaka pua inakaribia mchuzi. Aliponiona akainuka haraka, akajifanya ameshiba.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Kaka, usinune bwana. Ukinyamaza unatisha."

Nilitaka kumwomba msamaha. Kilichotoka ni, "Sijanuna, ni meno yameganda." Akacheka, maskini. Na mimi nikacheka. Yeyote ambaye angetuona barabarani angesema hawa wametoka kwenye sherehe.

Nyumbani nikamkuta kijana wa bodaboda amekaa kwenye ngazi, kifundo cha mguu kimevimba. "Mzee wa kazi, niokoe!" Nikamwambia aende hospitali akapigwe picha. Akacheka mpaka akajishika mbavu, akaniambia leo nimeamka na vichekesho, kisha akaninyooshea mguu.

Sikuugusa. Nimemlipia pikipiki ya mwenzake impeleke. Ameondoka amenuna, anasema nimeanza maringo.

Najua wateja wangu wanasoma hapa, basi nisomeni vizuri. Waliopona mikononi mwangu walipona wenyewe. Mifupa yao ilijiunga, sifa nikachukua mimi. Hakuna mzee wa Makongolosi. Aliyemharibu Sekela ni mimi, na kesho narudi kwa yule daktari kumwambia, hata akinifukuza.

Mkono wa bahati sina. Sijawahi kuwa nao.